Mkasi Ulipokikataa Kidole Changu

Hotuba kwa mafundi cherehani, mafundi viatu, masonara na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Mikindani, Mtwara

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni.

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, mafundi wenzangu, wahudumu wa afya, mama zangu mliokaa kwenye mikeka: mtaniwia radhi, mimi nitasema nikiwa kwenye kiti. Si dharau. Nikikaa chini siwezi kunyanyuka mpaka nishikwe mikono huku na huku, na sababu ya hilo ndiyo iliyonileta mbele yenu leo.

Wengi mnanijua, Mama Somoe fundi cherehani. Nimeshona katika mji huu tangu 1996. Wamo humu ndani watu wazima ambao niliwapima sare ya darasa la kwanza, na vipimo vyao bado viko kwenye madaftari yangu. Bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Nikimpima mtu mwaka huu nikampima na mwakani, najua kama kanenepa, kama kakonda, kama ana mimba ambayo hata mama yake hajaambiwa. Futi inaona mengi. Lakini futi ile haikunizunguka mimi mwenyewe kwa zaidi ya miaka kumi, na katika miaka hiyo mikono yangu na miguu yangu ilikuwa inakua. Nimesema inakua, na baadaye nitawaeleza kwa nini sikusema inavimba.

Nianze na mkasi. Huu hapa mezani, mweusi, wa chuma, niliununua mwaka nilioanza kazi. Mafundi mnaujua: dole gumba linapita kwenye tundu dogo, vidole vingine kwenye tundu kubwa. Mwaka 2006 hivi, nikiwa na miaka 32, tundu dogo likaanza kunibana. Kwanza alama nyekundu, kisha lengelenge. Nikauzungushia kitambaa, kikazidisha kubana. Nikamlaumu aliyeunoa, nikasema kaupiga nyundo umejikunja. Nikanunua mwingine, nao baada ya miaka miwili ukanikataa. Kastabini nayo ikawa haipiti kidoleni, nikaizoea sindano kavu. Ikafuata pete ya ndoa. Sabuni haikuitoa, mafuta ya nazi hayakuitoa, kuzungushia uzi hakukuitoa. Sonara akaikata kwa msumeno mdogo, akaniambia, "Mama, umenenepa, mshukuru Mungu."

Nikaamini. Ila kuna jambo moja ambalo kama fundi ningepaswa kulisimamia. Gauni langu la Idi la mwaka 1998 lilikuwa bado linanikaa kiunoni vilevile. Mtu gani ananenepa vidole na nyayo, kiuno kikabaki pale pale?

Kwenye viatu, aliyeona ni mzee mmoja fundi viatu pale sokoni. Nilikuwa navaa namba 39. Nikahamia 40, nikahamia 41. Siku niliyomwendea anitanulie 41 aliniangalia miguu akasema, "Mwanangu, mtu mzima hakui mguu. Nenda hospitali." Nilicheka, nikamlipa, nikaondoka. Mzee yule ametangulia mbele za haki. Kila nikipita pale alipokuwa anakaa namwombea, kwa sababu alisema kweli miaka minane kabla ya daktari.

Ugonjwa wenyewe unaitwa akromegali. Jina alilitoa daktari Mfaransa, Pierre Marie, mwaka 1886, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya miisho iliyokuwa mikubwa: miisho ya mwili, yaani viganja, nyayo, na ncha za uso kama taya, pua na paji. Chanzo chake karibu kila mara ni kimoja. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi inaitwa pituitari. Ni ndogo, kama punje ya mbaazi. Kazi zake ni nyingi, na mojawapo ni kutoa homoni ya ukuaji. Pakiota uvimbe kwenye tezi hiyo, uvimbe ambao si saratani, homoni inamwagika bila kipimo. Inafika kwenye ini, nalo linatengeneza homoni nyingine ambayo madaktari huiandika IGF-1, na hiyo ndiyo inayoamrisha mifupa, gegedu, ngozi na nyama zikue.

Mtoto akipatwa na hali hii hurefuka kupita kiasi, kwa sababu ncha za mifupa yake bado ziko wazi. Sisi watu wazima ncha zetu zilishafunga. Mfupa haupati njia ya kurefuka, basi unapanuka. Ndiyo maana hakuna aliyeona nikiongezeka kimo. Nilipanuka kwa pembeni, pole pole, kama mti.

Ni ugonjwa wa nadra. Kwa mwaka hupatikana wagonjwa wapya wachache tu katika watu milioni moja, na mhudumu wa afya anaweza kustaafu bila kumwona hata mmoja. Sasa kwa nini nimeomba mafundi waitwe, badala ya kuwaachia madaktari? Kwa sababu ugonjwa huu unakwenda taratibu mno, miaka mitano, miaka kumi, na anayeishi na mgonjwa haoni. Mume wangu hakuona. Watoto hawakuona. Mtu anayeonana na wewe kila siku macho yake yanakua pamoja na wewe. Anayeweza kuona ni yule aliyeandika namba.

Tuje kwenye mikono, maana huko ndiko nilikoumia kwanza. Usiku wa manane naamka, dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, vinawaka kama nimeshika upupu. Nakung'uta mkono, nauning'iniza nje ya kitanda, ganzi inapungua, nalala, naamka tena. Kidole kidogo cha mwisho kilikuwa salama siku zote, na hilo wahudumu wa afya lishikeni, kwa sababu lina maana. Hapa kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, pana njia nyembamba. Chini yake mifupa, juu yake ukanda mgumu. Ndani ya njia hiyo zinapita kano za vidole pamoja na mshipa wa fahamu unaohudumia dole gumba na vidole viwili vinavyofuata, na nusu ya kile cha pete. Kwenye akromegali mshipa wenyewe unajaa, na nyama zilizouzunguka zinanenepa, wakati njia iko vilevile. Mshipa unabanwa. Kidole kidogo kina mshipa mwingine unaopita kwingine, ndiyo maana hakiguswi.

Wako wengi hapa wenye ganzi ya namna hii wasio na akromegali. Mama anayebangua korosho kutwa nzima kwa mkono anaweza kuipata, mjamzito anaweza kuipata, mwenye kisukari pia. Lakini ganzi kwenye mikono yote miwili, pamoja na pete isiyotoka, pamoja na viatu vilivyopanda namba, hiyo si ya kukaa nayo nyumbani.

Siku niliyoogopa ni siku ya kanzu nyeupe. Nilikuwa nashona shingo kwa mkono, nikaona doa jekundu kwenye kitambaa, kisha la pili. Nikageuza nguo natafuta kilichochafua. Ilikuwa damu yangu. Sindano ilikuwa imeingia kidoleni na mimi sina habari. Mteja wangu alikuwa anaoa Ijumaa ile. Nililia, si kwa sababu ya kanzu.

Viungo sasa. Madaktari walinieleza, nikaelewa nilipoyalinganisha maelezo yao na kitambaa, na mafundi mtanielewa vizuri kuliko wengine. Ncha za mifupa zinapokutana, kwenye goti, kwenye nyonga, kwenye bega, zimevalishwa gegedu laini, inayoteleza. Hiyo ndiyo bitana ya kiungo. Homoni ikizidi, bitana inakuwa nene. Mwanzoni ukipiga picha ya eksirei utaona nafasi kati ya mifupa imeongezeka, mtu akadhani kiungo kizima kabisa, tena kizuri. Lakini ukishonea koti bitana iliyozidi, nini kinatokea? Inakunjamana, inasuguana, koti halikai. Na wakati huohuo kano zinazoshikilia kiungo zinalegea, kama mpira wa sketi uliovutwa sana. Kiungo kinacheza kupita kinavyotakiwa. Gegedu nene isiyokaa sawa, ndani ya kiungo kinachocheza, inaanza kupasuka nyufa. Mwili unajaribu kuziba, unaotesha mfupa pembeni, vijiti vigumu kama miiba. Hatimaye bitana inakwisha, mfupa unasaga mfupa.

Hatua ya kwanza, ile ya unene, dawa inaweza kuirudisha kwa kiasi. Ya pili hairudi. Gegedu iliyokwisha hakuna sindano wala kidonge kinachoiotesha tena, na mtu akikuuzia dawa ya namna hiyo, iwe ya mitishamba au ya kopo lenye picha ya goti, mrudishie. Nilinunua. Nilinunua nyingi.

Kwangu goti la kulia ndilo lililotangulia, likafuata la kushoto, kisha nyonga. Na niwaambie inavyokuwa ndani ya nyumba, kwa sababu kwenye karatasi za hospitali wanaandika "maumivu ya viungo" na inaishia hapo. Kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi: nilifika mahali nakaa, nakuna, nikimaliza namwita mtoto aje aniinue. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nilianza kupunguza kunywa maji ili nisiende mara kwa mara, na joto la Mtwara mnalijua, na ugonjwa huu unatoa jasho kuliko kawaida. Kwenye swala nilishindwa sijda, nikahamia kwenye kiti, nikiwa na miaka 38, kwenye safu moja na mabibi wa miaka 80. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Goti lilikuwa linalia kabla ya cherehani. Msuli wa paja nao, japo ulionekana mkubwa, ulikuwa hauna nguvu. Watu wakiona mkono mpana na mguu mpana wanadhani una nguvu. Nilikuwa nashindwa kunyanyua ndoo ambayo binti yangu wa darasa la tano anaibeba kichwani.

Kutembea. Hapa nitakaa kidogo.

Nyayo zangu ziliongezeka upana na unene. Nyama ya kisigino ilinenepa mpaka nikawa kama nakanyaga mto, sisikii ardhi vizuri. Ukivaa kandambili, kidole gumba kinatoka nje na kisigino kinabaki nyuma, basi unakunja vidole ili isitoke, na kukunja vidole kutwa nzima kunaleta maumivu mapya. Viatu vya kike vya saizi yangu havipo sokoni. Nilivaa makubazi ya kiume. Mwanamke wa pwani, mwenye hina mguuni, kwenye makubazi ya kiume, anaingia kwenye shughuli ya harusi. Mama zangu mnajua macho yalivyo siku hiyo.

Nyonga zikauma, nikaanza kuyumba huku na huku ninapopiga hatua, kwa sababu mtu mwenye nyonga mbovu anaegemeza mwili kukwepa maumivu. Goti likilegea, mguu unaweza kuacha ghafla, bila onyo, hasa ukishuka ngazi au ukikanyaga mchanga mlaini. Mgongo ukainama mbele. Mifupa ya mgongo kwenye ugonjwa huu inaweza kupasuka hata pale kipimo cha uzito wa mfupa kinaposema uko sawa, na maumivu yake mtu anayaita uchovu. Watoto wa mtaani wakaniita Mama Tembo. Nilikuwa nasikia. Nikaanza kutoka alfajiri na kurudi Magharibi ili nisipite wakati wa watoto. Ukiona mtu anabadilisha saa za kutembea kwake, muulize kwa upole anakwepa nini.

Na maneno yalikuwepo. Sauti yangu ilikuwa imekuwa nzito, taya limetoka mbele, meno yameachana. Wakasema nimechezewa. Wengine wakasema nageuka mwanaume. Nilipelekwa kuchanjwa, alama ninazo magotini mpaka leo. Nilichuliwa na mafuta. Kwenye vituo vya afya niliambiwa baridi yabisi, mahali pengine gauti, pengine uzee, na nikapewa vidonge vya maumivu, diklofenaki, miezi na miezi. Vidonge hivyo vikinywewa muda mrefu bila kuangaliwa vinaumiza tumbo na figo na kupandisha presha, na presha nilikuwa nayo tayari. Sitataja mtu wala mahali. Kila mmoja alinitazama kipande: huyu goti, yule mkono, mwingine presha. Hakuna aliyeviweka vipande mezani akaona vinatengeneza nguo gani.

Aliyeviunganisha alikuwa daktari kijana. Mwaka 2017 nilikwenda kwa ajili ya sukari iliyopanda. Akaomba kitambulisho changu ajaze fomu. Akaangalia picha, akaniangalia mimi, akaangalia picha tena, kimya. Akaniuliza, "Mama, viatu unavaa namba ngapi? Na zamani ulivaa ngapi?" Hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kuniuliza swali la fundi viatu. Nikamwambia sasa 43, zamani 39. Akauliza kuhusu pete. Akauliza kama nakoroma, kama naumwa kichwa, kama sioni vizuri pembeni. Yote ndiyo.

Safari ya vipimo ikaanza. Cha kwanza ni cha damu, kupima ile IGF-1. Kingine unakunywa maji ya glukosi, gramu 75, wanachukua damu kwa vipindi. Kwa mtu mzima wa afya sukari hiyo inaishusha homoni ya ukuaji; kwangu haikushuka. Kisha picha ya MRI ya kichwa, na uvimbe ukaonekana. Yote haya yalinipeleka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kwenye basi, magoti yamebanwa na kiti cha mbele. Basi lilisimama Nangurukuru abiria wachimbe dawa, mimi sikuweza kushuka ngazi. Nililia tena, kisha nikalala, nikaamka tunavuka daraja la Mkapa.

Mwaka 2018 nilifanyiwa upasuaji. Walipita puani, hawakupasua kichwa. Uvimbe ukiwa mdogo, mara nyingi upasuaji peke yake unatosha. Wangu ulikuwa umeshakuwa mkubwa, sehemu ikabaki, kwa hiyo natibiwa kwa sindano ya kila mwezi ya oktreotaidi. Wengine wanapewa vidonge vya kabegolini, wengine mionzi. Ghali? Ndiyo, ni ghali, na kuna miezi niliyoikosa. Nasema hili wazi ili mtu asije akadhani ukigunduliwa tu shida imekwisha.

Lakini sikilizeni kilichotokea mikononi. Siku chache baada ya upasuaji, nikiwa bado wodini, nilikunja ngumi na ikafunga. Ngozi ilikuwa imenywea. Jasho lilipungua. Wiki kadhaa baadaye nililala usiku kucha bila ganzi, nikaamka asubuhi nikidhani nimechelewa swala, kumbe ni kwamba hakuna kilichoniamsha. Nikaenda kwa sonara na pete iliyoongezwa dhahabu ili initoshe, ilikuwa inachezacheza kidoleni. Ile nyama iliyojaa maji na unene inarudi nyuma homoni ikishuka. Ganzi inaweza kuondoka.

Mfupa haurudi. Viatu ni 42 sasa, havitafika 39. Na magoti yangu ndiyo haya, hayakurudi. Homoni imeshuka, damu inaonekana nzuri, na bado asubuhi nahitaji nusu saa kabla viungo havijakubali kunyooka. Madaktari wanasema wagonjwa wengi wako hivi, maumivu ya viungo yanabaki hata baada ya ugonjwa kudhibitiwa. Daktari mmoja aliziweka picha zangu kwenye taa akanionyesha mahali gegedu ilipokuwa. Alinieleza kwa upole mno. Nilifikiria mwaka 2009, mzee wa viatu, na kicheko changu.

Nitamtaja mtu mmoja wa mbali. Robert Wadlow, Mmarekani wa Alton, Illinois, alizaliwa mwaka 1918. Yeye homoni ilimzidi utotoni, akafika mita 2.72, mtu mrefu kuliko wote waliowahi kupimwa kwa uhakika. Watu wanamjua kwa kimo. Mimi namfikiria kwa miguu. Alitembea kwa vyuma vya kuimarisha miguu, na nyayo zake zilikuwa na hisia kidogo sana. Mwezi Julai 1940 chuma kilimkwaruza kifundo cha mguu, kikafanya lengelenge, hakulihisi mapema, likaingia maambukizi. Tarehe 15 Julai akafariki. Alikuwa na miaka 22. Lengelenge tu. Kwa hiyo mwenzangu mwenye mguu mpana, ukiwa na ganzi au kisukari, kila jioni osha miguu, kausha katikati ya vidole, angalia nyayo kwa kioo au mwombe mtu akuangalie. Usitembee peku kwenye chumvi wala kwenye miamba ukifuata pweza, hata kama mama yako alifanya hivyo maisha yake yote.

Yaliyonisaidia kutembea nitayasema kwa haraka. Kiatu kipana mbele, chenye kamba au ukanda wa kukaza, soli nene isiyokunjika hovyo, na kiwe kimepimwa jioni ambapo mguu umejaa. Fimbo naishika mkono wa upande wa pili wa goti baya. Nilikuwa naishika upande uleule wa goti, mpaka mtaalamu wa fiziotherapia aliponisahihisha, na tofauti niliiona siku hiyohiyo. Mazoezi ya kuimarisha paja nafanya nikiwa kwenye kiti: nanyoosha mguu, nahesabu mpaka kumi, nashusha. Usiku nafunga kifundo cha mkono kwenye kibao chepesi kisikunjike. Choo tumeweka kiti. Cherehani nimefungiwa mota.

Na bahari. Bahari ikijaa hapa Mikindani naingia na binti yangu mpaka maji yafike kiunoni, natembea kwenda na kurudi. Maji ya kiunoni yanabeba karibu nusu ya uzito wa mwili. Humo ndani sichechemei. Mara ya kwanza nilipogundua hivyo sikutaka kutoka.

Sasa ombi langu, na kwanza niseme lile la kuvimba. Si kila mkono mnene ni akromegali. Bonyeza mguu kwa dole gumba, hesabu mpaka tano, achia. Kikibaki kishimo, hayo ni maji, yawezekana ya moyo, ya figo au ya ujauzito, na huyo naye aende hospitali, tena mapema. Mguu wa akromegali mara nyingi haubaki kishimo. Ni mnene, mgumu, ngozi nzito yenye mafuta, na namba ya kiatu hairudi nyuma asubuhi wala jioni.

Mafundi viatu, andikeni namba za wateja wenu. Mtu mzima aliyepanda namba mbili ndani ya miaka michache, bila mimba, mwambieni kama yule mzee alivyoniambia, na akicheka mwambieni tena. Masonara, pete mnazokata msizipuuze. Mkimkata mtu pete, muulizeni na ganzi ya usiku. Mafundi wenzangu wa nguo, kiuno kikiwa kilekile na mkono wa nguo unabana kiganjani, kofia haiingii, tafadhali semeni. Semeni faraghani, kwa heshima, si mbele ya wateja. Nanyi wahudumu wa afya, mgonjwa wa magoti akija akiwa hajafika hata miaka 40, mwombeni picha ya zamani. Kila mtu anayo kwenye simu au kwenye kitambulisho. Mwandikieni rufaa yenye maneno matatu: mikono, miguu, sura imebadilika. Daktari wa juu akiyaona hayo pamoja, atajua atafute nini.

Ninajua mtasema, Mama Somoe, ugonjwa wa mtu mmoja katika maelfu mengi, na sisi tuna malaria, tuna presha, tuna wajawazito. Ni kweli. Lakini kuuliza namba ya kiatu hakugharimu hata shilingi. Na huyo mtu mmoja ana mama, ana watoto, ana cherehani inayomsubiri.

Mezani nimeweka mkasi wangu wa kwanza, kastabini, makubazi namba 43, na kiatu changu cha harusi namba 39. Vishikeni, msiogope. Fundi viatu kijana aliyekaa pale mlangoni ni mjukuu wa yule mzee, amekubali kuwapima miguu wote watakaopenda, na binti yangu Somoe ana futi na daftari jipya. Ataandika jina, namba ya kiatu, mzunguko wa kidole cha pete, na tarehe ya leo. Mwakani tutapima tena hapahapa. Mwenye pete isiyotoka naomba aje aanze, nami nitasogeza kiti changu nikae naye.